Mgahawa wa chai ya asubuhi Moro: geti la SUA, Changarawe Mzumbe au Msamvu? (Ulinganisho, karibuni wadau)

Binti_Kilakala
Wakuu heshima kwenu. Nimerudi nyumbani Morogoro baada ya kupika hotelini Dar muda mrefu na sasa nataka kitu changu mwenyewe, mgahawa wa asubuhi tu, nafungua saa 12 nafunga saa 6 mchana. Supu, chapati, vitumbua, mihogo, magimbi ya huku mlimani, mayai, uji wa ulezi na chai ya maziwa ya ukweli sio maji meupe. Mtaji ni milioni 6, humo humo kodi, majiko, vyombo na mzunguko wa kuanzia.

Nimebaki na sehemu tatu:
1. Nje ya geti la SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) kampasi kuu
2. Changarawe, pale Chuo Kikuu Mzumbe
3. Msamvu, karibu na stendi

Sitaki kuambiwa wapi kuna watu maana watu wapo kote. Nataka nijue nitapimaje kama hao watu watakula kwangu kila siku, kabla sijampa mwenye fremu kodi ya miezi sita. Anayezijua hizi sehemu anipe ukweli hata kama unauma.

geto_changarawe
Mi nipo Mzumbe mwaka wa tatu, nakaa geto hapo hapo Changarawe. Faida ya huku ni kwamba mjini ni mbali, zaidi ya kilomita 20, hakuna mtu anapanda daladala kwenda Moro kunywa chai, kwahiyo aliyepo ni wako ukimjali. Ila dada nisikilize hapa, wanafunzi wengi hatunywi chai saa 1. Kipindi kikiwa saa 2 unanawa uso unakimbia, chakula cha kwanza ni saa 4 au saa 5 na hapo mtu anataka kitu kizito kimshike mpaka usiku, si unajua pasi ndefu, kuunganisha milo. Ukifungua saa 12 utapata bodaboda, walinzi na watu wa usafi, sio sisi. Sisi tutakuja saa 4 kwa mkupuo, wote kwa nusu saa, na usipokuwa na chapati zimeshaiva tunaondoka.

Af kuna bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi. Hela ya kula na kulala ni 10,000 kwa siku tangu ilipopandishwa 2022 kutoka 8,500, humo kuna kodi ya geto, bando na kila kitu, na inaingia kwa mkupuo wa kama miezi miwili. Ikiingia tu watu wanaagiza supu ya kuku na juisi, ikielekea mwisho mtu anakuja na jero anaulizia chapati kavu. Na usisahau kuna wengi hawana mkopo kabisa. Ukija kuhesabu wateja wiki ya bumu utajidanganya vibaya sana.

Mzee_wa_Msamvu
Binti yangu karibu nyumbani. Mimi niko stendi miaka mingi. Watu wanaona mabasi yanaingia wanadhani abiria ndo wateja, abiria hanywi chai yako, abiria anawaza gari litamwacha, atanunua maji na karanga dirishani. Wateja wa chai Msamvu ni madereva, makonda, wapiga debe, wapakia mizigo, wenye maduka na mabodaboda, na hao wanakula kweli, supu na chapati mbili asubuhi sio anasa kwao, ni kazi ngumu ile. Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku 2023 stendi hailali, saa 10 alfajiri kuna watu wanatafuta kitu cha moto. Treni ya SGR nayo tangu ianze Juni 2024 imechukua abiria wengi wa Dar, hilo tusifiche, lakini hao waliohama sio waliokuwa wanakunywa supu yetu.

Ubaya wa huku ni kodi na ushindani, kila kona kuna supu. Na mteja wa stendi akishamzoea mtu hamwachi kirahisi.

HesabuKwanza
Uzi mzuri. Naona wote tunahesabu vichwa, mi naomba tuhesabu ASUBUHI. Mwenye fremu anakudai miezi 12, swali ni asubuhi ngapi kwa mwaka zina wateja.

Sehemu inayotegemea wanafunzi peke yao una mihula miwili, kila mmoja tuseme wiki 17 ukiweka na mitihani, mara siku 5, ni asubuhi 170. Basi. Kuanzia mwezi wa 7 mwishoni wanaenda field (mafunzo kwa vitendo) na likizo mpaka mwezi wa 10 au 11, wikiendi wanalala. Stendi ukipumzika siku chache bado una kama 330.

Sasa weka mfano, sio bei halisi: Changarawe fremu 150,000 kwa mwezi, mwaka ni 1,800,000, gawa kwa 170 ni kama 10,600 kila asubuhi yenye wateja. Msamvu weka mara mbili yake, 300,000, mwaka 3,600,000, gawa kwa 330 ni kama 10,900. Umeona? Ile ya "bei rahisi" na ile ya "bei kali" zinakaribiana kabisa. Na msaidizi wako naye anataka mshahara mwezi wa 9 wakati chuo kimefungwa. Dada chukua kodi halisi ulizotajiwa uweke kwenye hesabu hii usiku huu huu.

Kingine, Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, 2027 itaangukia mwezi wa 2, yaani katikati ya msimu wa chuo. Moro ina Waislamu wengi, mwezi mzima asubuhi itapoa, jipange kuhamia futari la sivyo hizo 170 zinapungua tena.

geto_changarawe
@HesabuKwanza hiyo 170 ni sahihi ila Changarawe sio wanafunzi tu mkuu, kuna wanakijiji, walimu, wafanyakazi wa chuo na familia zao. Usiifute kabisa.

HesabuKwanza
Siifuti, nasema aende akawaone mwezi wa 8. Wakiwepo anawaongeza kwenye hesabu.

MamaT_wa_getini
Mwanangu mimi nauza chai upande wa SUA, sitasema wapi hasa. Nitakuambia na wewe usinikasirikie. Wanafunzi wetu hapa ni wa bei ya chini, na kafteria za ndani zipo, humshindi mtu aliyeko hatua chache kutoka darasani. Mtu ambaye hana pa kula vizuri huku ni mfanyakazi. Wahadhiri, watu wa maabara, madereva wa chuo, watu wa ofisi, saa 4 wanatoka wanataka sehemu safi, kiti kisichotikisika, maji ya kunawa yanayotiririka, choo, na chai isiyo na moshi. Wengi wanawasha gari wanaenda mjini, si mbali, kama kilomita 3 tu. Hao ndio ninaowaona wanapita kila siku na mimi meza yangu haiwatoshi. Na wao hawana likizo ya miezi mitatu.

Halafu semina. Chuoni semina haziishi, kila semina ina chai ya saa 4 na vitafunwa, sambusa, kachori, keki, magimbi. Oda moja ni ya watu 30 au 40. Lakini hapo uwe na moyo na uwe na akiba, kuna ofisi moja nililisha watu wao nikakaa zaidi ya miezi miwili nafuatilia malipo huku unga nilikopa dukani. Omba nusu mkononi kabla, asiyetoa mwache.

Na ukija kupima usije kwa kunyemelea wenzako. Njoo useme shida yako, tutakuonyesha.

Binti_Kilakala
Mama shikamoo, asante sana, nitakuja kwako kwa heshima zote. Hilo la wafanyakazi sikuwa nalo kabisa. @wote nipeni basi njia ya kupima, maana kila mtu nikimuuliza "ukifunguliwa mgahawa utakuja?" anajibu ndiyo.

Trei_kwa_Trei
Usiulize mlaji, atakuambia ndiyo kwa adabu tu. Ulizia wasambazaji. Mi nasambaza mayai, nazunguka Msamvu, Mazimbu, Kihonda mpaka SUA, na ninaweza kukuambia kijiwe gani kinamaliza trei ngapi kwa wiki na chuo kikifunga kinashuka mpaka wapi. Muuza mkaa anajua, muuza maziwa anajua, duka la unga la jirani linajua kuliko wote. Kilo moja ya ngano inatoa chapati kama 10 hadi 12, ukiambiwa huyu mama anachukua kilo 8 kila siku we shajua anauza chapati karibu 90. Hakuna dodoso litakupa jibu kama hilo.

Na kwa faida ya uzi, naongeza sehemu ya nne ambayo hujaitaja: Mazimbu, kampasi ya Solomon Mahlangu. Ina wanafunzi wa SUA lakini ina makazi ya watu pembeni na hospitali. Watu wa hospitali wanakunywa chai kila siku ya Mungu, wauguzi wa zamu ya usiku wakitoka na ndugu wa wagonjwa wakiingia.

Mzee_wa_Msamvu
Mazimbu sio wazo baya. Ila mvua za masika zikikolea, mwezi wa 3 mpaka wa 5, barabara za ndani huko zinachosha, aangalie fremu iliyo kando ya lami.

DadaMpishi_Kihonda
Mi ningekuwa wewe nisingekodi chochote kwanza. Meza moja, hotpoti mbili kubwa, chupa za chai, na Lipa Namba. Uza vitu vinne tu: chapati, mihogo, mayai na chai ya maziwa, maziwa ya shamba la SUA la Magadu yanapatikana na ni mazuri. Kaa sehemu moja wiki mbili tatu, halafu nyingine hivyo hivyo, na wiki hizo zisiwe zote za bumu. Andika kila asubuhi saa ngapi kimeisha nini, na nani KARUDI. Mteja mpya hana maana, anaonja. Ukiona sura zile zile siku ya nne ya tano, hapo kuna mgahawa. Pitia kwa bwana afya kabla na upime afya yako na ya msaidizi, cheti kile utadaiwa hata kwenye meza.

Supu achana nayo kwanza, inakula mkaa na nyama ikibaki imekula kwako.

Mzee_wa_Msamvu
Bila supu Msamvu usije kabisa, utauza maji ya moto.

DadaMpishi_Kihonda
Basi Msamvu aipime mwisho mzee wangu, akishapata hela ya sufuria.

Binti_Kilakala
Nimeweka kodi nilizotajiwa kwenye hesabu ya @HesabuKwanza, Changarawe imetoka kuwa ghali kuliko geti la SUA kwa kila asubuhi, sikutegemea. Kwahiyo Changarawe naiweka pembeni, @geto_changarawe usinichukie. Naanza na meza SUA upande wa wafanyakazi, kwa ruhusa ya MamaT, halafu Mazimbu karibu na hospitali. Saa 12 naanza na bodaboda, mzigo mkubwa unaiva saa 3 na nusu. @Trei_kwa_Trei nakutafuta PM, nataka trei na nataka maneno.

MamaT_wa_getini
Njoo Jumatatu, sio Ijumaa, Ijumaa itakudanganya. Na chapati zako ziwe kubwa, watu wa huku wanapima kwa macho kabla ya kukaa.

geto_changarawe
Sikuchukii dada, ila mwezi wa 11 wakija mwaka wa kwanza na bumu lao la kwanza, leta hata hotpoti moja huku ya chapati maharage saa 4 kamili. Nitakuonyesha pa kuegesha.