Ulinganisho: njia za kuunganisha M-PESA, benki, eTIMS na mfumo wa stoo kwenye jukwaa moja

MsambazajiPwani (mwenye mada)

Wanajamvi, salamu. Kampuni yetu husambaza vifaa vya ujenzi kutoka Mombasa, na tuna matawi Voi na Malindi. Kwa miaka mingi kila mfumo umeishi kivyake: malipo ya Paybill husomwa na kuandikwa upya na karani, taarifa ya benki huchapishwa kila asubuhi, na ankara za eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA) huandikwa mara ya pili baada ya kuingizwa kwenye mfumo wa uhasibu. Sasa tumesimika jukwaa la uunganishaji, yaani programu inayopitisha taarifa kati ya mifumo, lililojengwa kwa Apache Camel (zana huria ya kazi hiyo) kwenye seva yetu wenyewe. Iliyobaki ni kuileta ndani mifumo minne ya nje: M-PESA, benki, eTIMS, na mfumo wa stoo ya Changamwe, ambao ni wa zamani, una hifadhidata ya MySQL na hauna API, yaani mlango rasmi wa programu nyingine kuulizia taarifa.

Nimeona njia nne. Ya kwanza ni jukwaa kwenda kuuliza kupitia API kila baada ya dakika kadhaa. Ya pili ni webhuku, yaani mfumo wa nje wenyewe kutubishia hodi pindi jambo linapotokea. Ya tatu ni kupeana mafaili kwa SFTP, njia salama ya kuhamisha mafaili mtandaoni. Na ya nne ni kusoma hifadhidata moja kwa moja. Fundi wetu angependa tuchague njia moja kwa mifumo yote ili matengenezo yawe mepesi. Mimi nina mashaka na hilo, na nitashukuru kusikia kutoka kwa waliokwisha kuifanya kazi hii.

Binti_Kilindini

Ndugu, mashaka yako yana msingi. Kwa kila mfumo jiulize mambo mawili: nani hujua kwanza kuwa jambo limetokea, na ujumbe ukipotea njiani, je, unaweza kuuomba tena? Majibu yatatofautiana kwa mifumo yako yote minne, kwa hiyo njia moja haiwezi kuitosheleza.

Kwa malipo ya Paybill, M-PESA ndiyo hujua kwanza, basi webhuku ndiyo njia yake. Kwenye Daraja, yaani jukwaa la Safaricom la kuunganisha programu na M-PESA, unasajili anwani mbili: moja ya uhakiki, ambayo huwashwa kwa maombi maalumu, na nyingine ya uthibitisho. Ikiwa wateja wako huandika namba ya ankara kama namba ya akaunti, omba uhakiki, kwa sababu utaweza kukataa malipo yenye namba isiyojulikana kabla fedha hazijahama. Uthibitisho ni jambo jingine kabisa. Ukifika, fedha zimekwisha kuingia, na programu yako haina la kukataa. Kazi yake ni kupokea tu.

Hapo ndipo sisi tulipojikwaa. Programu yetu ilikuwa ikipokea taarifa, inamtafuta mteja, inaandika risiti, inatuma SMS, na baada ya hayo yote ndipo inajibu. Siku za mwisho wa mwezi seva ililemewa, muunganisho ukawa unakatika kabla ya jibu kutoka, na tulikaa wiki nzima tukitafuta malipo yaliyoandikwa mara mbili na mengine yasiyoandikwa kabisa. Siku hizi taarifa ikifika tunaihifadhi kama ilivyo, tunajibu papo hapo, halafu kazi nyingine inaichukua kutoka kwenye foleni. Namba ya muamala ya M-PESA tumeiwekea sharti la upekee (isiweze kuandikwa mara mbili) ndani ya hifadhidata yenyewe, maana ukaguzi uliomo kwenye programu peke yake hushindwa pale taarifa mbili zinapofika kwa wakati mmoja. Kila asubuhi tunalinganisha hesabu na taarifa ya miamala kutoka M-PESA, na hatujawahi kujuta kwa dakika hizo.

Mhasibu_wa_Zamu

Niongeze upande wa benki. Usione haya kutumia mafaili. Benki nyingi hutoa taarifa ya siku kwa muundo wa MT940, ambao ni muundo sanifu wa taarifa za benki, na muundo huo una ulinzi ambao API nyingi hazinao: salio la kuanzia liko kwenye alama ya 60F, kila muamala kwenye alama ya 61, na salio la kufungia kwenye alama ya 62F. Ukichukua salio la kuanzia, ukajumlisha yaliyoingia na kutoa yaliyotoka, lazima upate salio la kufungia. Na salio la kufungia la jana lazima liwe sawa na la kuanzia la leo. Jukwaa lifanye hesabu hizo mbili kabla ya kuruhusu hata shilingi moja kuingia kwenye vitabu. Faili likirukwa, utajua asubuhi hiyo hiyo.

Kuna mitego miwili. Jukwaa linaweza kulichukua faili wakati bado linaandikwa, hivyo kubalianeni na benki kwamba faili litapakiwa kwa jina la muda na kubadilishwa jina likikamilika. Mtego wa pili ni saa. Seva yetu ilikuwa inafuata saa za UTC, zilizo nyuma ya saa zetu kwa saa tatu, na kazi iliyopangwa kufunga siku usiku wa manane ilikuwa inafanyika saa tisa usiku kwetu, kwa hiyo malipo ya saa tatu za mwanzo wa kila siku yalihesabiwa katika siku iliyopita.

fundi_wa_stoo

Kuhusu stoo, mimi nasema soma hifadhidata moja kwa moja. Fungua mtumiaji mwenye ruhusa ya kusoma tu, na kila baada ya dakika tano chukua safu ambazo tarehe yake ya mabadiliko ni mpya kuliko ya mara iliyopita. Inafanya kazi, na haihitaji kumlipa aliyetengeneza mfumo.

Mwanamaji_Likoni

Ndugu fundi, kwa heshima, hapo napinga. Safu iliyofutwa haina tarehe ya mabadiliko, kwa hiyo karani akifuta hati ya kutoa mzigo, jukwaa litaendelea kuamini kuwa saruji ilitoka. Pili, siku mfumo utakapoboreshwa na jina la safuwima kubadilika, hakuna atakayekuarifu, kwa sababu hukuahidiwa na mtu yeyote kwamba majedwali yale yatabaki kama yalivyo.

Ikiwa lazima kusoma MySQL, ni afadhali kusoma logi yake ya mabadiliko kwa kutumia Debezium, programu huria ambayo huona kuingizwa, kubadilishwa na kufutwa kwa kila safu, mradi logi hiyo imewekwa kurekodi safu kwa safu. Hata hivyo, msifungue mlango wa 3306, ambao MySQL hupokelea mawasiliano, kwenye intaneti. Wekeni programu ndogo kwenye kompyuta ya Changamwe ambayo yenyewe itaanzisha mawasiliano kuelekea kwenye jukwaa, na mtandao ukikatika itunze ujumbe wake hadi utakaporudi.

fundi_wa_stoo

Nakubali kuhusu safu zilizofutwa. Hilo sikulifikiria, na nitakwenda kulikagua kwetu pia. Lakini Debezium ni mzigo kwa kampuni yenye fundi mmoja. Njia ya kati ni kumwomba mwenye mfumo atengeneze jedwali dogo la matukio, ambalo kila hati inayoandikwa, kubadilishwa au kufutwa inaacha alama yake, na jukwaa lisome hilo peke yake. Hapo mna makubaliano ya maandishi.

Binti_Kilindini

Hiyo ya jedwali la matukio naiunga mkono.

Kwa eTIMS, jukwaa ndilo hujua kwanza, hivyo ndilo litakalotuma. Kuna njia mbili za kuunganisha mfumo wenu na eTIMS, na chaguo lenu ni kati ya OSCU, inayofaa mfumo ulio mtandaoni muda wote, na VSCU, ambayo husimikwa kwenye mazingira yenu na inawafaa wenye ankara nyingi au mtandao usiotulia. Kwa matawi kama Voi ningeanza kufikiria VSCU. Muhimu kuliko yote, ankara iliyotumwa haifutwi, bali hurekebishwa kwa hati ya kupunguza deni. Ukituma mara mbili umejitangazia mauzo mara mbili, pamoja na VAT ya asilimia 16. Namba ya ankara itolewe na mfumo wa uhasibu mara moja tu, na jukwaa likijaribu tena litumie namba ile ile.

MsambazajiPwani (mwenye mada)

Asanteni sana. Tutatumia webhuku kwa M-PESA, SFTP kwa benki, VSCU kwa eTIMS, na nitamwandikia mwenye mfumo wa stoo kuhusu jedwali la matukio. Fundi wetu amesoma majibu haya na amekubali. Swali moja limebaki: ujumbe ukishindikana baada ya majaribio yote, Camel inaweza kuuweka kando kwenye foleni yake. Nani apewe jukumu la kuiangalia foleni hiyo?

Mhasibu_wa_Zamu

Mpe mhasibu. Fundi ataona ujumbe mmoja ulioshindikana kati ya mingi iliyopita salama, ilhali mhasibu ataona mteja aliyelipa na bado anadaiwa. Orodha hiyo imfikie kila asubuhi ikiwa na jina la mteja na kiasi cha fedha, na mhasibu huyo ndiye amwite fundi.