Binti anameza Panadol Extra karibu kila siku kwa ajili ya kichwa, nifanyeje?

MamaBusia: Wadau, salaam. Binti yangu ana miaka 15, yuko S3 (mwaka wa tatu wa sekondari), bweni. Kichwa kinamsumbua tangu mwaka jana. Malaria amepimwa, hana. Macho yamepimwa, miwani anavaa. Juzi amerudi likizo, nikafungua sanduku lake la bati nitoe sare za kufua. Chini ya madaftari nikakuta maganda matupu ya Panadol Extra, na diclofenac, dawa nyingine ya maumivu, iliyobaki nusu. Anasema duka la dawa karibu na geti la shule linauza kidonge kimoja kimoja, hawaulizi kitu. Akimeza asubuhi anapata nafuu, mchana kichwa kimerudi. Baba yake anataka tumnyang'anye zote. Naogopa maumivu yatamzidi. Mwenye kujua anisaidie.

KijanaWaStendi: Mama, huyo anakwepa mitihani. Mnyang'anye.

NesiArua: Kaka, anayejisingizia huwa anazionyesha dawa zake, hazifichi chini ya madaftari.

Mama, pole. Nashuku dawa zenyewe ndizo zinazorudisha kichwa. Mwenye kichwa cha mara kwa mara akitumia paracetamol au diclofenac siku 15 au zaidi kwa mwezi, ikapita miezi mitatu, anaingia kwenye mzunguko: dawa ikiisha mwilini kichwa kinaanza, anameza tena. Kwa dawa za mchanganyiko, siku 10 kwa mwezi zinatosha kumfikisha hapo. Panadol Extra ni mchanganyiko: kidonge kimoja kina miligramu 500 za paracetamol na 65 za kafeini. Mwanafunzi anayekesha na chai ya rangi anaongezea hapo hapo.

Diclofenac ndiyo inanitisha zaidi. Ukiimeza na njaa, na maji hunywi, inachubua tumbo na inaweza kuumiza figo. Hiyo iondoe leo. Ibuprofen ni ndugu yake, asibadilishe hii kwa ile. Aspirini pia asipewe, hajafika miaka 16.

HajatiBombo: Mwanangu, muulize na habari ya hedhi, taratibu, baba yake asiwepo. Wangu alisingizia kichwa muda mrefu kumbe ni tumbo la mwezi. Nesi wa shule yao alikuwa mwanaume, akaona haya.

MamaBusia: Asante Hajati, nimemuuliza. Hedhi haimsumbui. Ila uji wa asubuhi hanywi, anakaa na njaa mpaka chakula cha mchana, na usiku anasoma kwa tochi. Nesi, nikizikata ghafla?

NesiArua: Paracetamol inakatwa mara moja bila shida, lakini mwambie kabisa kwamba kichwa kitazidi kwanza, siku kadhaa hadi wiki mbili hivi. Ndiyo maana ni afadhali sasa akiwa nyumbani. Mpeleke kwanza health centre IV (kituo cha afya cha ngazi ya nne) au hospitali aonwe na daktari, wapime na damu, upungufu wa damu nao unaleta kichwa. Mpe daftari aandike kila siku: kichwa kilianza saa ngapi, alikula nini, alilala saa ngapi, alimeza nini. Daktari atalitumia sana. Kichwa kikimwamsha usiku, akitapika asubuhi, akiona mawili mawili, shingo ikikaza au akizimia, usingoje siku ya kliniki.

KijanaWaStendi: Sawa, nimekoma. Na shuleni nani atamchunga?

NesiArua: Daktari aandike barua, dawa akae nazo metroni, na uji anywe mbele yake.

MamaBusia: Jumatatu tunakwenda. Barua nitaiomba hapo hapo.