Kondele: mnatutoza kila tukifa kwenye gemu, huu ni wizi!

Wadau, nimetoka sasa hivi kwenye kibanda cha gemu hapa Kondele, Kisumu, na bado natetemeka kwa hasira. Shilingi 140 zimeenda na hata saa moja haijaisha. Mimi nimekufa mara nne, mpwa wangu mara tatu. Basi.

Ukutani wameandika wenyewe: gemu 20, saa 80. Nikamwambia kijana wa pale nataka saa, tunacheza Hades, ile gemu ya kijana Zagreus anayepigana atoroke kuzimu kwa baba yake. Akasema saa ni ya watu wa gemu za magari, sisi tutahesabiwa kama watu wa gemu za mpira. Zagreus akianguka, gemu imeisha, toa mbao nyingine, ishirini tena.

Imeisha wapi? Mpira una kipenga cha mwisho. Roguelike, aina ya gemu kama hii Hades, haina! Tangu Rogue yenyewe ya 1980, ile ya herufi tupu kwenye skrini na wewe ni alama ya @, ukifa unaanza upya na vyumba vyote vimepangwa upya. Kufa ndiko kunakokufundisha. Na kwenye Hades ndiyo kabisa: ukifa unaibuka kwenye dimbwi la damu, nyumbani kwa baba yake Zagreus. Unaongea na Nyx, unaongea na Achilles, unaingia chumbani kwenye kile kioo unatumia giza uliloliokota njiani (ndilo kama pesa ya hapo) ili safari ijayo uwe na nguvu kidogo. Nusu ya hadithi iko hapo! Na ni hapo hapo yule kijana ananyoosha mkono achukue padi. Mara mbili amenizimia Achilles maneno yakiwa bado mdomoni.

Halafu angalieni anayeumia. Mjuzi anaenda nusu saa bila kufa, analipa 20. Mgeni anamalizwa kwa dakika tano, analipa 20 ile ile. Yaani asiyejua ndiye anayemlipia anayejua kodi ya kibanda.

Mpwa wangu yuko kidato cha pili, alikuwa na shilingi 60 alizojiwekea mwenyewe. Megaera, yule adui mkubwa wa kwanza mwenye mjeledi, akamwangusha mara tatu. Lakini mngemwona mara ya tatu! Alishaanza kuukwepa ule mjeledi, anangoja, anaruka pembeni, anapiga. Alikuwa anajifunza mbele ya macho yangu. Kisha pesa zikaisha, akaweka padi chini, hakusema neno mpaka tukafika nyumbani.

Sitaki cha bure. Stima ni ghali, najua, na mashine hizo mtu amezinunua kwa jasho. Nipigie saa, nikalipe 80 yangu, nife mara ishirini nikitaka.

Kuna yeyote anayejua kibanda hapa Kisumu, hata kikiwa Mamboleo au Nyalenda, wanakohesabu saa kwa gemu zote? Mpwa wangu anarudi shule Jumatatu na bado hajamshinda Megaera.