Fiwi katikati ya mahindi: tunarutubisha udongo au tunafuga panya?

Mleta mada (Handeni): Wakuu, hili limetugawa kijijini. Bwana shamba anatuhimiza tupande fiwi au marejea, mimea ya jamii ya kunde ya kufunika udongo, katikati ya mistari ya mahindi, wiki mbili tatu baada ya mahindi kuota, ardhi isibaki uchi tukishavuna. Kwenye udongo sina ubishi: jamii ya kunde hujipatia naitrojeni ya hewani, na majani yake huzuia jua na mmomonyoko. Swali langu ni viumbe. Shambani kwangu kwale wamerudi, wanapita na vifaranga chini ya fiwi. Majirani wanasema nimewajengea panya nyumba. Mnaonaje?

Mkulima wa Mkata: Majirani wako sahihi, kaka. Kwale unamwona kwa kuwa anatembea mchana. Panya shamba huja usiku, anaufuata mstari uliopanda, anafukua shimo hili, linalofuata, mpaka mwisho. Asubuhi unakuta vishimo na maganda. Kurudishia mbegu ni hela, na mvua haikusubiri. Mnyama mwenyewe anazaa wengi kwa mkupuo mmoja. Mpe kivuli na mbegu za fiwi kiangazi kizima, uone masika.

Mama wa Muheza: Mwanangu, panya hawakuletwa na fiwi. Tulikuwa tukichoma mashamba hadi yanakuwa meusi, na mbegu zilifukuliwa vilevile, maana walitokea kwenye kichaka cha mpakani. Mimi nawatazama wadudu zaidi. Tangu viwavijeshi vamizi viingie nchini 2017, penye kunde katikati ya mahindi naona buibui, nyigu na sisimizi wengi kuliko penye mahindi matupu. Hao wanakula viwavi, na vifaranga vya kwale vinawala hao hao.

Mfugaji, Kilindi: Marejea mtuondolee. Kuna aina zina sumu kwa mifugo, na mkivuna ng'ombe wetu wanaingia humo humo.

Mama wa Muheza: Basi fiwi, baba. Ng'ombe anazila.

Mzee wa Lushoto: Mnamzungumzia panya kama mwizi wa mbegu tu. Sisi tuliishi na tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya, kuanzia 1980, ikirudi mwaka hadi mwaka. Sipingi kufunika udongo. Ila shamba la nyuma ya jiko lisifunikwe, na mahindi yasikae ndani kwenye viroba vilivyotoboka.

Mleta mada: Shikamoo mzee, hilo nimelichukua. Naanza kuamini ubishi wetu si fiwi, ni lini tunazifyeka. Zikifyekwa wiki kadhaa kabla ya kupanda na mipaka ikasafishwa, bundi na kozi watamwona panya. Kwale niwaachie ukanda mmoja upande wa bondeni.

Mkulima wa Mkata: Ukifyeka ukalaza majani chini, umemtandikia godoro. Ukiyaondoa, udongo uko uchi tena. Na kwale hutaga chini, panga lako litapita juu ya mayai. Huo ukanda nao utakuwa kichaka cha mpakani, kile alichokisema mama.

Mleta mada: Mayai nitayakagua kabla ya panga. Ukanda nitauweka mbali na mistari ya mahindi, nizungushie mitego. Hapo kwenye matandazo umenibana, kaka. Msimu huu nusu ya shamba nalaza majani, nusu naondoa, kisha nahesabu mashimo yaliyofukuliwa kila upande. Mwenye shamba Korogwe au Pangani anayeweza kufanya hivyo hivyo aseme.

Mkulima wa Mkata: Hesabu na yaliyofukuliwa na kanga. Usije ukambebesha panya yote.