Marekani au Ulaya: wapi mgeni anapumua?

Muuguzi_Dar: Wadau wa majuu, salaam. Dada yangu yuko Minnesota ananivuta huko, wakala naye ananipigia debe Ujerumani. Habari za mshahara nimeshazisikia. Nataka kujua wapi wanangu watakua bila kuambiwa "rudini kwenu".

Mnyamwezi_Mkongwe: Mkuu, huko kusikoambiwa hivyo sijakuona. Ilhan Omar aliwahi kuishi kambi ya wakimbizi Kenya, mwaka 2018 akachaguliwa kuingia Bunge la Marekani kutoka hapohapo Minnesota. Mwaka uliofuata Trump akaandika kwamba wabunge kama yeye warudi walikotoka, na katika wale wanne aliowalenga, watatu wamezaliwa Marekani! Mwaka 2024 Wahaiti wa Springfield, Ohio, wakazushiwa kula mbwa na paka za watu.

Lakini tazama upande wa pili. Mtoto akizaliwa huku ni raia, imo kwenye Marekebisho ya 14 ya katiba tangu 1868. Januari 2025 Trump alitoa amri ya kuwanyima haki hiyo watoto wa wasio na makaratasi na wa wenye viza za muda, majaji wakaizuia. Mwanao akiitwa mgeni, anaweza kumjibu mtu na pasi mkononi.

Bibie_Hamburg: Pasi haitibu malaria, kaka. Huku Ujerumani bima ya afya ni lazima, mwajiri anachangia karibu nusu, na mtoto akivunjika mkono hutauza gari. Ubaguzi upo, ila umevaa suti: unaomba nyumba kwa jina lako, kimya, rafiki Mjerumani anaomba ileile, anaitwa kuiona. Jirani asiyekusalimia mwaka mzima usimhesabu, hata wenyewe kwa wenyewe hawasalimiani.

Kinachonitia hofu ni siasa. Februari 2025 chama cha AfD, kinachotaka wageni wapunguzwe, kilipata asilimia 20.8 na kushika nafasi ya pili. Mashariki ya nchi ndiko ngome yake, kwa hiyo wakala akikutajia kimji cha huko, uliza maswali mengi.

Uraia unaombwa baada ya miaka mitano, na tangu Juni 2024 hawakulazimishi kuacha wa kwenu. Mkenya anashangilia, katiba yake ya 2010 inamruhusu. Sisi Wabongo sheria yetu inatubana, ukichukua wa Kijerumani umeuaga wa Tanzania.

Mbeba_Boksi_UK: Mnasema Ulaya kana kwamba ni nchi moja! Italia, mtoto wa wageni anazaliwa pale, anasoma pale, uraia anausubiri hadi miaka 18. Balotelli yule wa mpira, mzaliwa wa Palermo, alisubiri hivyohivyo. Kwetu Uingereza, Machi 2024 walezi wa wazee walikatazwa kuleta familia, na Julai 2025 ajira hiyo ikafungwa kwa walio nje. Katikati hapo, Agosti 2024, wahuni walivamia hoteli ya waomba hifadhi Rotherham kwa uzushi kwamba kijana aliyeua watoto mjini Southport aliingia nchini kwa boti. Kijana mwenyewe kazaliwa Cardiff, humuhumu nchini.

Mama_Wawili_Texas: Wanaume mmesahau bunduki. Mwanangu wa chekechea anafundishwa kujificha chini ya meza na kunyamaza. Mimi hilo linaninyima usingizi kuliko Trump.

Mnyamwezi_Mkongwe: Hapo dada umenifunga mdomo. Na bili ya hospitali naikubali pia. Ila bado nasema huku mtu hakuulizi mara mbili Kiingereza chako kikivunjika, anataka kazi iende.

Muuguzi_Dar: Bibie, Kijerumani kinatakiwa kiwango gani kwa muuguzi?

Bibie_Hamburg: Kwa kawaida B2, ngazi ya nne kati ya sita za kupima lugha, ndipo cheti chako kitambuliwe. Bila hicho utafanya kazi kama msaidizi, kwa mshahara wa msaidizi, na wagonjwa wazee watakuita majina. Anza darasa sasa. Na wakala akidai hela kabla hujauona mkataba, mkimbie.