Tremonti, albamu ya pili: uzito wa "Cauterize" unatoka wapi?

MpendaBesi:
Wakuu, salamu kwenu. Niliingia katika roki na metali kupitia bendi ya Creed, enzi za albamu yao "Human Clay" ya 1999, nikamfuata mpiga gitaa wao Mark Tremonti alipounda bendi ya Alter Bridge mwaka 2004, na hadi leo "Blackbird" ya 2007 ndiyo kipimo changu cha gitaa. Mradi wake wa pembeni, ule unaobeba jina lake la ukoo, nimeufikia kwa kuchelewa. Wiki iliyopita nilisikiliza kwa mfululizo "All I Was" ya 2012 na "Cauterize" ya 2015, na kuna jambo linanitatiza. Kila ninayezungumza naye husema ya pili ni nzito zaidi, na masikio yangu yanakubali, lakini nikitaka kueleza uzito huo umetoka wapi nashindwa, maana nyimbo za kasi zimo katika zote mbili, na viitikio vya "Cauterize" vinashikika upesi kuliko vya mwanzo. Mke wangu, ambaye hana haja na kelele zangu, nilimkuta jikoni akiimba chinichini kiitikio cha "Another Heart".

Je, uzito hasa ni nini hapa? Na mtu anayetaka muziki mzito bila kupoteza melodi asikilize nini baada ya hapo? Naomba msinitajie bendi ambazo mwimbaji hunguruma mwanzo hadi mwisho.

NyuziSita:
Mkuu, umeuliza vizuri, na jibu lake limo katika maneno yako mwenyewe: kasi si uzito. Kama una gitaa la umeme hapo nyumbani, legeza uzi mnene kuliko wote kwa hatua moja nzima, laza ubavu wa kiganja cha kulia juu ya nyuzi karibu kabisa na daraja (pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa), kisha piga kwa kushuka tu, bila kupandisha mkono. Utasikia mlio uliokatwa, mfupi, unaogonga kifuani. Sasa ondoa kiganja uache nyuzi zilie zenyewe. Chumba kizima kinafunguka. Muziki wa aina hii umejengwa juu ya kubanwa huko na kuachiwa huko, na kadiri unavyobana kwa muda mrefu ndivyo kiitikio kinavyokuwa kikubwa kinapofika. "Radical Change", unaofungua albamu, unakwenda mbio na ngoma ya miguu miwili, lakini mimi naona mzito kuushinda ni "Flying Monkeys" unaofuata, ambao mwendo wake ni wa kujikokota. Kile kiitikio alichokuwa akikiimba shemeji yetu jikoni, ukikiondoa, gitaa linabaki kelele tupu.

Tazama pia waliokuwa studio. Mtayarishaji ni yuleyule, Michael Baskette, ambaye alitayarisha hiyo "Blackbird" yako pia. Albamu ya kwanza ilirekodiwa na watu watatu: Tremonti, Eric Friedman na mpiga ngoma Garrett Whitlock. Katika ya pili ameingia Wolfgang Van Halen, mtoto wa mpiga gitaa Eddie Van Halen, kwenye besi, na kwa masikio yangu sehemu ya chini ya muziki imepata mwenyewe.

Mzee wa Kaseti:
Naomba kutofautiana kidogo na ndugu NyuziSita. "Wish You Well" katika albamu ya kwanza ni thrash halisi, yaani metali ya kasi na ukali, na sijasikia katika "Cauterize" wimbo unaouzidi kwa ukali. Ninachokubali ni kwamba albamu ya kwanza ilikuwa ya mtu anayetoa vitu vilivyomjaa kabatini: alikua akisikiliza thrash, Creed haikuwa na nafasi ya mambo hayo, na katika Alter Bridge gitaa hulazimika kumpisha mwimbaji Myles Kennedy na sauti yake ya juu. Hapa anaimba mwenyewe, kwa sauti ya chini zaidi na yenye mkwaruzo, kwa hiyo gitaa halina wa kumpisha. Vilevile isisahaulike kwamba "Cauterize" ilirekodiwa pamoja na "Dust", iliyotoka mwaka 2016, hivyo anayeihukumu peke yake anahukumu nusu ya kazi.

Kiitikio_Kwanza:
Kuhusu nini cha kusikiliza, ningeanza karibu kabisa na pale ulipo. Trivium ni bendi ya Orlando, Florida, na mwaka 2015, mwaka uleule wa "Cauterize", walitoa "Silence in the Snow" chini ya Baskette huyohuyo. Albamu nzima haina mngurumo hata mmoja, jambo lililowaudhi mashabiki wao wengi wa zamani; mimi nilifurahi. Kisha rudi kwa Iron Maiden, "Powerslave" ya 1984, usikilize jinsi magitaa mawili ya Dave Murray na Adrian Smith yanavyotembea sambamba kama waimbaji wawili wa kwaya moja. Wengi wa waliofuata walijifunzia hapo. Ukizoea, jaribu "The End of Heartache" ya Killswitch Engage, 2004, ambamo mwimbaji Howard Jones hunguruma katika beti na kuimba kwa sauti safi kwenye viitikio.

Najua umekataza, ila nitavunja sharti lako mara moja tu: "The Jester Race" ya In Flames, 1996, kutoka Göteborg, Uswidi. Mwimbaji ananguruma, ndiyo, lakini melodi yote imekabidhiwa magitaa, na ukiyafuata hayo ukamwacha yeye, utakuta nyimbo ambazo ungeweza kuzipiga mluzi.

MpendaBesi:
Nawashukuru sana. Nimerudia "Flying Monkeys" kwa spika za masikioni nikiwa kwenye daladala, na sasa nasikia mkono unavyobana na kuachia. Nilikuwa nikitafuta uzito kwenye ngoma wakati wote huu. Mzee wa Kaseti, "Dust" naianza leo usiku. "Silence in the Snow" imekubalika nyumbani bila upinzani. Ile ya Uswidi ilifika dakika ya pili, mlango wa jikoni ukafungwa.