Malobedi daraja la Kigongo–Busisi: yapite usiku tu?

Nyegezi Juu: Hoja yangu fupi. Lobedi, lile tela la sakafu ya chini la kubebea mitambo, likiwa na eskaveta (mtambo wa kuchimba) livuke kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri. Mchana likishika daraja, mabasi ya Geita na ambulansi ya Sengerema vinalisindikiza kilomita 3 nzima. Na madereva wenyewe hata uzito wa mzigo wao hawaujui.

Fundi Tela: Hawaujui? Mwisho wa sheria: ekseli (mtaimbo wa magurudumu) ya usukani tani 8, moja ya matairi pacha 10, mbili pamoja 18, tatu 24, jumla isizidi 56. Eskaveta la tani 30, kichwa na lobedi 25, hiyo ni 55. Likigoma mzanini, linasogezwa nusu mita mbele au nyuma, ndoo inalazwa sakafuni, minyororo pembe zote nne. Wewe mkuu unajua uzito wa begi lako?

Mzani Kwanza: Fundi, 56 ni ya ekseli 7. Kichwa cha difu mbili (ekseli mbili za nyuma zinazosukuma) na lobedi la ekseli 3 ni 8+18+24, yaani 50. Umezidisha tani 5. Halafu eskaveta hilo upana wake ni kama mita 3.2 na mwisho unaoruhusiwa ni 2.65, kwa hiyo kibali cha wizara ni lazima hata lingekuwa jepesi.

Fundi Tela: Watu wa mzani mna dharau sana.

Sitaha: Usiku hapana. Kona ya cheni ya eskaveta iliyotokeza nje ya tela, dereva wa Hiace anaiona akiwa ameshaifikia. Lipite mchana, gari la kusindikiza mbele na nyuma, mwendo mdogo usiobadilika. Kinachoumiza daraja ni breki: nguvu ya breki inasukuma sitaha (sakafu ya daraja) kwa mlalo, na maungio ndiyo yanaanza kufa.

Binti Sengerema: Kumbe mnalilia dakika kumi! Kabla ya Juni 2025 si mlikuwa mnapanga foleni ya kivuko? Sasa mna daraja mnadeka.

Nyegezi Juu: Hakuna anayedeka, dada. Basi vivuko virudi, vibebe malobedi peke yake.

Mzani Kwanza: Lobedi tumbo lake liko chini. Maji yakipungua ramp (ule mlango wa kupandia kivukoni) inainama, tumbo linagota kwenye pembe yake, magurudumu ya nyuma yananing'inia. Utalivuta na nini?

Binti Sengerema: Na likikaa ubavu mmoja kivuko kinalalia upande. Lilikuwa linapangwa katikati, magari madogo pembeni.

Fundi Tela: Angalau wa kivuko walikuwa na heshima kwa madereva.

Sitaha: Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 12, lami inaumia karibu mara mbili. Heshima haipunguzi hiyo.

Nyegezi Juu: Na usiku je? Mbona mmehamia kwenye vivuko?

Mzani Kwanza: Tunamsubiri Fundi atuambie zile tani 5 anazishushia wapi.